Mkata picha wa Kamina na moshi wa Mama Séphora

Saa sita mchana, jua likiwa limesimama wima juu ya paneli mbili zilizofungwa kwa waya kwenye bati, Ève Tshiala anamtoa marehemu kwenye harusi.

Marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu. Picha nzuri waliyobaki nayo jamaa zake ni hii moja tu: amesimama kati ya bibi harusi na mjomba mmoja mnene, anacheka, chupa ya soda mkononi. Tshiala anaongoza alama ndogo kwenye kioo cha kompyuta, polepole, akifuata sikio, ukosi wa shati, mshono wa bega. Mjomba anatoweka. Bibi harusi anatoweka. Kinachobaki ni shela lake, ambalo upepo wa siku ile ulilipeperusha mpaka kifuani mwa mwalimu.

"Bantu banatoka mbio," anasema bila kuinua macho, kwa Kiswahili cha hapa ambacho watu ni bantu, ndiyo ni njo na mimi ni minyi. "Shela njo kazi. Unaona shati ndani yake, sasa utakata nini, utaacha nini?"

Anakaribiza uso kwenye kioo, anafuta uzi kwa uzi. Mwishowe mwalimu amesimama peke yake, na nyuma yake hakuna kitu ila miraba midogo ya kijivu na nyeupe, kama kitambaa cha meza. Miraba hiyo, anaeleza, ni namna ya mashine ya kuonyesha utupu. Palipo na miraba hapana kitu, na unaweza kuweka utakalo. Mwalimu atawekewa mbingu ya samawati na mawingu, chini yake maneno "Baba yetu", jina lake na miaka yake. Kabla ya saa nane wenye matanga watakuja kuchukua bango.

Tshiala ana miaka thelathini. Chumba chake cha kazi kiko karibu na barabara ya stesheni ya Kamina, na mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: kuchapa, fotokopi, foto. Alizaliwa huko Base, kambini, ambako baba yake, askari kutoka Kasai, alihamishiwa na jeshi. Kiswahili alikiokota uani, kwa watoto wa askari wa kila mkoa. Kiluba alikipata sokoni. Kompyuta aliipata kwenye darasa la jioni la Wamethodisti, binti yake Plamedi akiwa bado mgongoni.

"Mwalimu alisema tuandike na mikono mibili," anakumbuka. "Mutoto akilia, minyi nilibakia na moja. Mpaka leo mukono ya kushoto iko na uvivu."

Plamedi ana miaka minne sasa. Anakaa chini ya meza na makopo matupu ya wino, akijenga kitu ambacho yeye mwenyewe anakiita treni. Mama yake, bila kuacha kazi, ananyoosha mguu taratibu ili behewa lipite.

Kazi inayoendesha nyumba ni hiyo ya matanga. Picha moja ya marehemu huleta faranga elfu kumi, na wafiwa hulipa bila kuvutana bei. Lakini kazi hiyo ilimpa Tshiala jina ambalo hakuliomba. Majirani humwita Mama Plamedi, kama ilivyo desturi. Mji mzima ulimwita mama wa matanga.

Na mji ulikuwa na sababu. Kamina picha ya mtu aliyekatwa inajulikana kama kengele ya kanisa. Ukimwona mtu peke yake kwenye weupe au kwenye mawingu, hana mwenzake, hana kiti, hana ukuta nyuma, na jina lake liko chini, huulizi. Unatua mzigo, unafungua kilemba, unatafuta pa kulilia.

Ndiyo maana, mara slaidi zilipoanza kuingia mjini, Tshiala alizishika kwa mikono miwili. Siku hizi hakuna mkutano bila ukuta unaong'aa. Wanafunzi wanaotetea kazi zao, wauguzi, wachungaji, mashirika ya kilimo, wote wanataka picha zikipita ukutani huku wao wakisema. Aliona hapo mlango wa kutokea: kazi ya walio hai.

Jioni alianza kununua mega za intaneti na kupakua picha za akiba, zile ambazo watu wa mbali wamezipiga na kuziweka kwenye mtandao kwa matumizi ya kila mtu. Nzuri zaidi kwa slaidi ni zile zilizokwisha kukatwa, zisizo na kitu nyuma. Wateja huziita foto sans fond. Unaiweka embe juu ya rangi ya kijani, inakaa kama imeota hapo. Ukiiweka yenye mandhari yake, inakuja na kisanduku cheupe kuizunguka, na slaidi inafanana na ukuta uliobandikwa matangazo.

Alizitazama picha hizo kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Aliandika samaki, akaletewa samaki wa rangi ya chungwa wanaofugwa ndani ya kioo. Aliandika mkulima, akaja mzee mwenye kofia ya majani na shavu jekundu. Muuguzi mmoja alitaka picha ya kunawa mikono.

"Ile mikono," anasema Tshiala, "ilikuwa safi kupita sabuni. Nilijiuliza, hawa banatafuta nini mu maji?"

Siku nyingine alipakua mbuzi. Miraba ya kijivu na nyeupe ilikuwapo, akajua ni mbuzi asiye na kitu nyuma. Kumbe aliyeitengeneza aliichora miraba hiyo ndani ya picha yenyewe, haitoki. Tshiala hakuona mpaka mbuzi alipotokea ukutani, mbele ya wafugaji, amesimama juu ya miraba. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu kama mbuzi wa mradi huo watalala kwenye sakafu ya vigae, maana kwake hata watoto hawana. Watu walicheka mpaka kikao kikasimama. Tangu siku hiyo, kila picha anayoipakua anaiweka kwanza juu ya rangi nyekundu. Kama miraba inabaki, anaitupa.

Kosa hilo lilipita na kicheko. La Mama Séphora halikupita hivyo.

Séphora Lumbala ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wanaouza samaki wa moshi. Samaki wao hutoka ziwani Kinkondja, hupanda mto kwa mtumbwi mpaka Bukama, kisha husafiri kwa treni au lori. Wakifika Kamina huwa wameshika unyevu wa safari, kwa hiyo akina mama huwarudisha motoni, kila mmoja uani kwake, juu ya pipa lililokatwa na kufunikwa wavu wa waya. Shirika moja lilikuwa limekuja na matanuri yenye bomba la kutolea moshi. Kila chama kilipewa nafasi ya kujieleza na kuyaomba siku ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, na slaidi zake.

Mama Séphora alisita mlangoni kwa Tshiala. Alitazama mabango yaliyokuwa yakikauka, akatazama mashine, akauliza: "Njo weye ule wa foto ya matanga?"

"Njo minyi, mama. Lakini nafanya na ya bazima."

"Basi nifanye muzima," akasema Mama Séphora, akaketi.

Kwa Tshiala ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya watu hai wa mji huu, itakayotazamwa na mji huu. Ikienda vizuri, angekuwa mtengeneza slaidi wa Kamina. Ikiharibika, angebaki na mawingu yake.

Akataka kuifanya safi, kama zile za mbali. Alimpiga picha Mama Séphora kwenye kizingiti, amevaa vitenge vya Jumapili. Alimkata vizuri, kila kunjo la kilemba. Akamweka kwenye weupe mtupu, pembeni samawati kidogo. Chini akaandika kwa herufi nzuri zilizoinama: "Mama yetu, Séphora Lumbala".

Anaposimulia anafunika uso kwa kiganja. "Macho yangu ilizoea. Sikuona kitu. Niliona foto nzuri."

Jumatano alasiri alikwenda ukumbini kujaribu projekta. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Mama Séphora alikuwa bado sokoni, akivutana na mchukuzi kwa ajili ya vikapu viwili. Wanachama wawili wa chama chake walipita nje na mabeseni kichwani, wakageuza macho, wakamwona mwenyekiti wao ukutani, mkubwa kuliko alivyo, peke yake kwenye weupe.

Mabeseni yalitua. Vilemba vilifunguka. Tshiala alitoka mbio kuwaeleza, lakini walikuwa wameshakwenda wakilia, na kilio cha Kamina hakihitaji kushika barabara. Mtu alikuwa amekwisha kuipiga picha ile kwa simu kupitia mlangoni na kuituma Bukama kwa Matthias, mdogo wake Séphora.

Mama Séphora alirudi nyumbani jioni na vikapu vyake vyote viwili, akifurahi kwa kumshinda mchukuzi, akakuta wanawake wamekaa chini uani kwake, kuni zimekwisha kuletwa, na kwaya inaanza wimbo wa pili. Alidhani ni jirani. Akauliza kwa sauti ya chini, kama inavyofaa: "Nani alikufa mu lupango yangu, minyi siyui?"

Mama mmoja aliyekuwa amejifunika uso akajibu kabla ya kuangalia: "Njo weye, mama."

Wanaosimulia habari hii Kamina huishia hapo, maana kicheko hakiruhusu kuendelea. Na kweli, Mama Séphora mwenyewe aliuliza amekufa kwa ugonjwa gani, na kwaya ikashindwa na wimbo. Lakini aliposikia kwamba Matthias amekwisha kupanda treni, na kwamba simu yake haipatikani tena porini, kicheko kilimtoka usoni. Ndugu yake huyo ana moyo unaopiga vibaya. Usiku wote alikuwa njiani, akimlilia dada aliye hai.

Matthias alifika kesho yake mchana na shangazi wawili na mkeka. Alipomwona dada yake akimkaribisha langoni, ikabidi aketishwe. Hakudhurika. Lakini chama kilikutana jioni hiyo na kuamua: Jumamosi wataingia na midomo yao tu. Slaidi, hapana. Na yule mama wa matanga asiwaelekezee tena simu yake.

Tshiala alilala na uamuzi huo. Anasema hakuwaza matanuri kwanza. Alijiwaza yeye. Watu wa Kamina watamkabidhi wafu wao hadi siku ya mwisho, wala hawatamkabidhi mtu aliye hai hata mmoja.

Asubuhi ya Ijumaa alimshika Plamedi mkono, akabeba kilo ya sukari, akaenda. Mama Séphora alikuwa kwenye pipa lake akigeuza samaki. Hakuitikia salamu. Tshiala aliweka sukari pembeni, akaketi chini kabisa, kama wanavyoketi wenye kosa, akasema alichokuja kusema: kwamba hakumtakia mabaya, kwamba jicho lake limezoea maiti na hakulijua, na kwamba anaomba radhi kwake, kwa chama, na kwa Papa Matthias.

Aliyejibu ni Matthias, kutoka kivulini. Alikuwa bado na ile picha kwenye simu.

"Bananitumia hii," alisema. "Niliangalia sana, nikitafuta uongo. Lakini yaya, huyu dada yangu mukubwa, tangu minyi niko mutoto, sijamuonaka fasi hamuna moshi. Pale niliona hamuna moshi, hamuna samaki, hamuna hata udongo chini ya miguu, nilisema basi, alienda."

Moshi ulimzunguka Mama Séphora, akafumba jicho moja kama afanyavyo siku zote, akageuza samaki mwingine. Plamedi alikuwa amesogea karibu na pipa, na mkono wa Mama Séphora, bila yeye kutazama, ukamrudisha nyuma mbali na moto.

"Mama Plamedi," akasema hatimaye. "Telefone yako iko na moto?"

Ilikuwa na chaji.

"Basi nipige hapa. Lakini usinitoe mu kazi yangu."

Tshiala alimpiga picha pale pale: nguo za kazi, kitambaa kilichoungua ncha, jicho limefumbwa, miguu kwenye majivu. Kisha akarudi chumbani akafanya kazi ambayo hakuna darasa lililomfundisha. Ukuta wa jirani aliutoa. Kamba ya nguo aliitoa. Pipa aliliacha. Chini ya miguu aliacha udongo, kipande cha ardhi kama sahani, na kivuli cha mama juu yake. Halafu akaufikia moshi.

"Nywele ni ngumu, lakini nywele iko na mwisho," anaeleza. "Moshi hauna mwisho. Hauwezi kusema hapa njo moshi, hapa njo hewa." Hakuukata. Aliufifiza kidogo kidogo, pengine nusu, pengine robo, mpaka rangi ya slaidi ikaanza kuonekana kupitia ndani yake. Jua lilipoanza kushuka na paneli kuchoka, alizima hata feni ili kompyuta imalize.

Usiku huo huo aliwapelekea akina mama kompyuta uani. Walisogea mmoja mmoja. Mama yule aliyemtangazia Séphora kifo chake ndiye aliyesema kwanza: "Huyu iko muzima. Hata anakohoa." Wakakubali.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Vyama vingine vilileta slaidi zenye matanuri yanayong'aa na wanawake wa mbali wenye meno meupe, wakielea kwenye rangi ya kijani. Zamu ya samaki ilipofika, Mama Séphora alitokea ukutani katikati ya moshi wake, na kicheko cha kumtambua kikapita ukumbini, hata kwa wasiomjua. Yeye alisimama mbele ya picha yake mwenyewe. Alikuwa amefundishwa maneno ya kusema. Hakuyasema.

"Hii ni minyi," alisema, akionyesha. "Bananiambia nilikufa Jumatano. Angalieni hii jicho. Njo moshi iliifunga, kila siku, miaka yote. Tunataka nyumba ya moshi, moshi ibakie kwake, sisi tubakie kwetu."

Alikaa chini kabla dakika zake hazijaisha.

Wiki chache baadaye shirika lilikipa chama tanuri moja, la kujaribia. Si yote waliyoomba. Akina mama wanalitumia kwa zamu, na Mama Séphora, ambaye si mtu wa kusifu upesi, anasema samaki wake sasa wanakauka sawasawa ila wamepungua harufu ya Kinkondja. Jicho lake halijapona, lakini halitoi maji tena.

Picha ile ya kwanza, ya weupe mtupu, hakutaka ifutwe. Alimwambia Tshiala aitunze vizuri, maana siku ya kweli itakuja, na kilemba kile kilimkaa.

Kwa Tshiala mambo yamebadilika polepole. Matanga hayajaisha na hataki kuyaacha. "Bamarehemu nabo balinilisha," anasema. Lakini sasa ana slaidi za kutengeneza karibu kila wiki, na ameanza akiba yake mwenyewe ya picha zisizo na kitu nyuma: baiskeli iliyobeba mifuko ya makaa, kikapu cha samaki, beseni la majani ya sombe, kiatu cha askari, kinu na mchi. Kila kimoja kimeachiwa kipande chake cha ardhi. Anaziweka kwenye kadi ndogo, na mwalimu au muuguzi yeyote akija na simu, anamnakilia bure. Analipisha slaidi. Picha hailipishi, kwa sababu, anasema, baiskeli ile si yake.

Mpango wake ni kwenda Kinkondja kiangazi kijacho, kupiga picha mitumbwi, nyavu na watu wanaoanika. Bado hajajua maji atayakata vipi. Shangazi wa Mama Séphora aliyeko huko ameahidi kumpa mahali pa kulala yeye na Plamedi.

Mchana huu, bango la mwalimu wa hesabu limeshachukuliwa, na anayeingia ni Éliane, muuguzi wa kituo cha afya. Anatayarisha mafunzo ya kupima uzito wa watoto. Kwenye mtandao amepata watoto wengi, wanono, wamekatwa vizuri, kwenye mizani isiyofanana na yoyote ya mkoa huu wa Haut-Lomami. Safari hii amekuja na mizani yake ya kuning'iniza na mtoto wa kweli. Mama yake, Mira, msichana wa miaka kama ishirini, amembeba kifuani na anamtazama Tshiala kwa makini bila kukaa.

Tshiala hanyanyui simu. Anaosha mikono kwanza, anamwomba mtoto, anamshika kidogo, anamnusa kichwani kama anavyofanya kila mama. Anamrudisha. Anaeleza atakavyofanya: atapiga, atatoa ukuta, atabakiza mtoto na mfuko wa mizani.

Mira anasikiliza mpaka mwisho. Anamning'iniza mwanawe kwenye mfuko, anaacha mikono yote miwili chini yake, bila kumgusa, tayari.

"Mikono yangu usiikate," anasema. "Mutoto haikalaki mu hewa."

"Eyo," anajibu Tshiala, na anapiga. Halafu anaketi kwenye kompyuta, anaanza kutoa ukuta, dirisha, bega la Éliane. Anapofika kwenye vidole vya Mira anapunguza mwendo, anazunguka kila kimoja kwa nje, na anaviacha vyote kumi.